Maisha ya Boethius, Mwalimu Aliyeandika Kifungoni

Wako watu ambao majina yao husahauliwa na wengi, lakini kazi ya mikono yao huendelea kutumiwa vizazi na vizazi na watu wasiowajua. Mmoja wao ni Boethius, Mrumi, aliyezaliwa karibu na mwaka 480 na kuuawa karibu na mwaka 524. Kwa muda wa karne nyingi mwanafunzi wa Ulaya alipojifunza elimu ya hesabu, alijifunza katika kitabu chake. Alipojifunza elimu ya sauti na nyimbo, alifungua kitabu chake. Alipojifunza mantiki, yaani taratibu za kufikiri na kuhojiana, alimsoma yeye. Na mfungwa au mfiwa alipotafuta neno la kumtia moyo, mara nyingi alipewa kitabu kidogo ambacho Boethius alikiandika katika kifungo chake, akiwa amekwisha kuhukumiwa. Basi, ndugu wasomaji, tutaeleza jinsi mtu huyu alivyokusanya elimu ya watu wa kale, jinsi alivyoitumikia serikali, na jinsi alivyoangushwa kwa sababu ya kumtetea mwingine.

1. Nyakati alizozaliwa

Boethius alizaliwa wakati mambo ya kale yalipokuwa yakivunjika. Mwaka 476 Odoacer, jemadari wa askari wageni, alimwondoa katika enzi kijana Romulus Augustulus, na tangu siku hiyo mji wa Roma haukuwa na kaisari wake. Kaisari aliyebaki alikaa mbali, katika mji wa Constantinople, upande wa mashariki. Kisha mwaka 489 Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki, aliingia Italia pamoja na watu wake, wanaume kwa wanawake na watoto. Akapigana na Odoacer hata mwaka 493, wakapatana katika mji wa Ravenna kutawala pamoja. Lakini mapatano hayo hayakudumu siku nyingi: Theodoric alimwua mwenziwe karamuni kwa mkono wake mwenyewe.

Mfalme aliyeanza kwa damu namna hii angalitazamiwa kuendelea vivyo hivyo. Walakini haikuwa hivyo. Utotoni Theodoric alikuwa amekaa Constantinople kama miaka kumi, ametolewa na watu wake awe dhamana ya amani, naye aliyaona mambo ya Warumi kwa macho yake akayastahi. Alipokwisha kupata enzi aliwaachia Warumi sheria zao, vyeo vyao na baraza lao la wazee. Wagothi wakashika silaha, Warumi wakashika kalamu. Hata katika dini alitumia uvumilivu. Warumi walishika imani iliyokiriwa katika mkutano mkuu wa Nikea wa mwaka 325. Wagothi walifuata mafundisho ya Ario, kwamba Mwana si sawa na Baba. Hata hivyo mfalme hakuwashurutisha Warumi waiache imani yao. Italia ikapata amani karibu miaka thelathini.

Katika amani hiyo Boethius alikua. Alikuwa wa ukoo wa Anicii, mmoja wa koo kubwa za Roma, uliokuwa umeshika dini ya Kikristo tangu zamani. Baba yake alipata cheo cha konsuli mwaka 487, kisha akafa wakati mwanawe alipokuwa mtoto bado. Akalelewa na Symmachus, mzee mwenye heshima kuu, aliyekuwa konsuli mwaka 485. Symmachus alipenda vitabu, naye aliandika historia ya Roma ambayo imepotea. Kijana alipokua, mzee huyu akamwoza binti yake Rusticiana. Basi Boethius alipata kwa mtu mmoja mambo matatu: mlezi, mwalimu na mkwe, na urafiki wao haukukatika mpaka kufa.

2. Kazi aliyojitwalia

Siku zile watu wa Italia waliokijua Kiyunani walikuwa wakipungua mwaka hata mwaka. Zamani kila Mrumi mwenye elimu alizisoma lugha zote mbili, Kilatini na Kiyunani; sasa njia baina ya magharibi na mashariki zilikuwa zikifungika. Tena vitabu vingi vya elimu ya juu, vya mantiki, hesabu, nyota na utabibu, viliandikwa kwa Kiyunani. Boethius alitambua hatari hii mapema. Lugha ikisahauliwa, vitabu vingebaki makabatini kama chakula kilichofungiwa katika ghala ambayo ufunguo wake umepotea.

Kwa hiyo aliazimu jambo kubwa mno: kuvifasiri kwa Kilatini vitabu vyote vya Aristotle alivyoweza kuvipata, na vyote vya Plato, kisha kuonyesha ya kuwa wanafalsafa hawa wawili wapatana katika mambo makubwa. Hakuimaliza kazi hiyo. Maisha yake yalikatwa. Lakini alifasiri vitabu vya Aristotle vya mantiki, pamoja na kitabu cha Porphyry kilicho mlango wa kuviingilia, akavitungia maelezo. Vitabu vingine aliwaeleza wasomaji mara mbili, mara ya kwanza kwa wanaoanza, mara ya pili kwa waliokwisha kuendelea. Hapo twaona alikuwa mwalimu kweli kweli. Alichagua maneno ya Kilatini kwa uangalifu, akayatumia daima kwa maana ile ile, na mengi ya maneno hayo yakawa vyombo vya kazi vya wanachuoni wa Ulaya. Mpaka karne ya 12 karibu yote waliyoyajua watu wa magharibi juu ya Aristotle yalitoka mikononi mwa Boethius.

Tena aliandika juu ya elimu nne: hesabu, muziki, elimu ya vipimo vya nchi na maumbo, na elimu ya nyota. Aliziita zote pamoja kwa neno la Kilatini lenye maana ya mahali njia nne zikutanapo, kwa kuwa aliona ya kwamba mtu hawezi kuifikilia hekima asipopita hapo. Vitabu vyake viwili, cha hesabu na cha muziki, vimehifadhiwa mpaka leo.

3. Kitabu chake cha muziki

Kitabu cha muziki hakifundishi kuimba wala kupiga ala. Chataka kueleza kwa nini sauti mbili zikitolewa pamoja hupatana, na nyingine hugombana. Jibu lake, alilolipokea kwa Wayunani waliomfuata Pythagoras, ni kwamba mapatano ya sauti yatokana na hesabu. Tuchukue mfano wa uzi wa zeze. Ukiupiga wote, watoa sauti yake ya chini. Ukiukaza kwa kidole katikati barabara, ukaipiga nusu, wapata sauti ile ile kwa juu, nasi twaiita ya nane. Ukiacha theluthi mbili za uzi, wapata sauti ya tano. Ukiacha robo tatu, wapata sauti ya nne. Mbili kwa moja, tatu kwa mbili, nne kwa tatu: hesabu ndogo zaongoza masikio ya watu wote, wajapokuwa hawazijui.

Boethius asimulia habari ya Pythagoras kupita mbele ya duka la mhunzi, akasikia nyundo zikipatana sauti, akazipima uzito akaziona zina hesabu 12, 9, 8 na 6. Hadithi hiyo ilipendwa sana, ikachorwa na kuchongwa. Lakini waliojaribu baadaye waliona ya kuwa uzito wa nyundo haufuati kanuni hiyo. Ni urefu wa nyuzi unaoifuata. Hesabu zilikuwa za kweli, ingawa hadithi haikuwa ya kweli.

Alisema pia kwamba muziki ni wa namna tatu: wa ulimwengu, yaani utaratibu wa nyota na majira, wa mwanadamu, yaani mapatano ya roho na mwili wake, na wa ala, huo tuusikiao kwa masikio. Nao watu wa muziki aliwagawanya katika makundi matatu: wapigao ala, watungao nyimbo, na wenye kupima kwa akili. Hao wa mwisho peke yao ndio aliowaita wanamuziki wa kweli. Wapiga ala aliwahesabu kama watumishi tu. Hapo waimbaji wengi hawatakubaliana naye. Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 aliyewafundisha waimbaji na kutengeneza mistari ya kuandikia sauti, alisema kwamba hakumfuata Boethius, kwa kuwa kitabu chake chawafaa wanafalsafa, si waimbaji. Silabi alizozitumia Guido ndizo asili ya do, re, mi zinazofundishwa katika kwaya. Mmoja alihifadhi sababu za sauti, mwingine akaifungua njia ya kuzisoma. Kazi zote mbili zilihitajiwa.

4. Mfalme amtumia mwenye elimu

Sifa za Boethius zilifika mapema masikioni mwa Theodoric. Twazo nyaraka tatu alizoandikiwa kwa jina la mfalme. Mwandishi wake alikuwa Cassiodorus, naye mtu wa elimu. Katika waraka mmoja mfalme amtaka atengeneze saa mbili, moja ya jua na moja ya maji, zipelekwe kwa Gundobad, mfalme wa Waburgundi. Katika wa pili amtaka achague mpiga kinubi hodari apelekwe kwa Clovis, mfalme wa Wafranka, aliyekuwa ameomba mtu wa namna hiyo. Katika wa tatu aeleza malalamiko ya askari walinzi: walisema mtunza hazina awalipa kwa fedha zisizotimia uzito, basi Boethius, kwa kuwa ajua hesabu, aichungue habari hiyo.

Mambo haya yaonekana madogo, lakini yaonyesha kazi ya elimu katika nchi. Saa na kinubi vilikuwa zawadi za kuwastaajabisha wafalme jirani, ili wajue kwamba Italia bado ina wenye hekima. Na yule aliyejua hesabu za kinadharia aliulizwa swali la haki: Je, askari apunjwa mshahara wake au la? Elimu isiyoweza kujibu swali la namna hiyo yafaa nini?

Mwaka 510 Boethius akawa konsuli, peke yake bila mwenziwe. Hata mwaka huo hakuiacha kalamu. Alikuwa akieleza kitabu cha Aristotle, akalalamika kidogo kwamba kazi za cheo zampunguzia nafasi ya kusoma. Kisha akaendelea kukaa katika baraza la wazee, na mara kwa mara akaingia katika mambo ya kuwatetea wanyonge. Wakati wa njaa kali wakuu walitoa amri kwamba watu wa jimbo la Campania waiuzie serikali nafaka kwa lazima. Kama amri ile ingalitimizwa, jimbo lingaliangamia. Boethius alishindana na liwali mkuu mbele ya mfalme mwenyewe, akashinda, ununuzi ule ukazuiwa. Tena alimwokoa Paulinus, mtu wa cheo, wakati wenyeji wa jumba la kifalme walipokuwa wameitolea macho mali yake. Alijipatia maadui wenye nguvu, wala hakuwaomba radhi.

5. Mwaka wa furaha na mwaka wa msiba

Mwaka 522 ulikuwa kilele cha heshima yake. Wanawe wawili, Symmachus na Boethius, walifanywa makonsuli siku moja, nao walikuwa vijana bado. Baba yao alitoa hotuba ya kumsifu mfalme, akaketi baina ya wanawe mbele ya umati wa watu, akawagawia watu zawadi. Wakati ule ule alipewa cheo cha mkuu wa maofisa wote wa jumba la kifalme. Aliyekuwa akipenda chumba chake cha vitabu sasa alikaa karibu na mfalme kila siku.

Lakini hali ya nchi ilikuwa imebadilika. Mwaka 519 kanisa la Roma na kanisa la Constantinople, yaliyokuwa yamefarakana muda mrefu, yalipatana. Kaisari Justin, aliyeshika enzi mwaka 518, alianza kuwabana wafuasi wa Ario katika nchi zake. Theodoric alikuwa mzee sasa, wala hakuwa na mwana wa kumrithi. Mkwewe aliyetazamiwa kurithi alikuwa amekufa. Akaanza kushuku kwamba wazee wa Roma waelekeza macho yao mashariki, na kwamba mapatano ya makanisa yatakuwa daraja la kuleta majeshi ya kaisari. Mtawala mwenye hofu husikiliza upesi kila achukuaye habari.

Mchukuzi wa habari akapatikana. Cyprianus, karani mkuu wa baraza la mfalme, alimshitaki Albinus, mzee wa cheo, ya kuwa amemwandikia kaisari barua za kumpinga Theodoric. Shauri lilifanywa katika mji wa Verona. Boethius angaliweza kunyamaza; jambo halikumhusu, na kunyamaza hakungalimpunguzia kitu. Akasimama mbele ya mfalme, akasema kwamba shitaka ni la uongo, na kwamba kama Albinus ana hatia, basi yeye Boethius na baraza zima la wazee wana hatia ile ile. Alitaka kuonyesha jinsi shitaka lilivyo la upuzi. Lakini Cyprianus alilikamata neno lile kama mshale uliorudi, akamwongeza Boethius katika shitaka.

Mashahidi walikuwa watatu. Basilius alikuwa amefukuzwa katika kazi ya mfalme, naye alizongwa na madeni. Opilio na Gaudentius walikuwa wamehukumiwa kufukuzwa nchini kwa hila zao nyingi. Walipokimbilia kanisani, mfalme aliamuru kwamba wasipoondoka Ravenna kwa siku iliyowekwa, watiwe chapa ya moto usoni. Siku ile ile ushahidi wao juu ya Boethius ulipokewa. Mashitaka yalikuwa haya: kwamba alimzuia mchongezi asilete hati za kuonyesha hatia ya baraza, kwamba aliandika barua za kutumainia uhuru wa Roma, nazo mwenyewe alisema zimeghushiwa, tena kwamba alitumia uchawi ili apate cheo. Shitaka hili la mwisho latufundisha neno: kwa watu wasioelewa, mtu ajuaye nyota na hesabu huonekana mchawi.

Boethius alifungwa katika nchi ya Ticinum, mji uitwao Pavia sasa, karibu maili 500 za Kirumi kutoka Roma. Alihukumiwa bila kuitwa kujitetea. Na lililomwuma kuliko yote ni hili: baraza la wazee, lile alilolitetea kwa kuihatarisha nafsi yake, liliikubali hukumu ile kwa hofu. Watu aliowafanya ngao wasimfanye yeye hata pazia. Cassiodorus alikishika cheo kile baada yake. Nyaraka zake nyingi zimebaki, lakini hazisemi neno juu ya kifo cha Boethius. Bali zimo za kumsifu Cyprianus alipopandishwa cheo, na Opilio naye baadaye. Hivyo ndivyo kimya cha barazani kionekanavyo kikiandikwa katika karatasi.

6. Kitabu cha kifungoni

Katika kifungo, mbali na vitabu vyake, Boethius aliandika kitabu kiitwacho Faraja ya Falsafa. Kina sehemu tano. Maneno ya kawaida na mashairi yapokezana, na mashairi yote ni 39. Chaanza kwa machozi. Mfungwa alia na kutunga nyimbo za huzuni, ndipo amwona mwanamke amesimama kichwani pake, macho yake makali kama moto, mzee na tena mwenye nguvu, mara kimo chake cha kibinadamu, mara kichwa chake chafika mbinguni. Nguo yake aliifuma mwenyewe, lakini imeraruliwa na watu waliojitwalia vipande, kila mmoja akidhani amechukua yote. Ndiye Falsafa, mlezi wake tangu ujana. Afukuza nyimbo za huzuni, akaketi kitandani pake kama tabibu, na kama tabibu aanza kumwuliza maswali kabla ya kumpa dawa.

Kwanza mfungwa atoa malalamiko yake yote: Campania, Albinus, mashahidi waovu, baraza lililonyamaza. Falsafa hamkatazi kusema. Kisha amkumbusha kwamba mali, cheo, sifa na anasa havikuwa vyake kamwe. Aliazimwa tu, na aliyeazima akivitaka hurudishwa. Bahati ni kama gurudumu: aliyekubali kupandishwa nalo asishangae likimshusha. Tena bahati mbaya ina faida moja kupita bahati njema, kwa kuwa humwonyesha mtu rafiki zake wa kweli. Hapo amtaja Symmachus, aliye hai bado, na Rusticiana, na wanawe.

Halafu apanda juu zaidi. Watu wote watafuta heri, lakini waitafuta vipande vipande. Heri kamili ni moja tu, nayo ni Mungu mwenyewe. Katikati ya kitabu limo ombi kwa Muumba, na wengi huona hilo ni shairi bora kuliko yote yaliyomo. Ndipo laja swali gumu: ikiwa Mungu atawala, mbona waovu wafanikiwa? Falsafa ajibu kwamba uwezo wa kutenda uovu si uwezo wa kweli, na mwovu huadhibiwa na uovu wake hata asipoguswa na fimbo. Mwisho wauliza kama Mungu akijua yote kabla hayajawa, mwanadamu ana uhuru gani? Jibu ni kwamba Mungu hayuko ndani ya wakati kama sisi. Kwake yote ni sasa. Nawe ukimwona mtu akitembea, kuona kwako hakumlazimishi kutembea.

Watu wameshangaa kwamba katika kitabu hicho jina la Kristo halitajwi. Wengine walifikiri kwamba labda mwandishi hakuwa Mkristo, tena kwamba vitabu vidogo vya dini vyenye jina lake, kama kile cha Utatu, viliandikwa na mtu mwingine. Lakini mwaka 1877 kilichapishwa kipande cha maneno ya Cassiodorus, na humo yeye aliyemjua asema wazi kwamba Boethius ndiye aliyeandika juu ya Utatu Mtakatifu. Basi alikuwa Mkristo, naye aliitetea imani ya Nikea. Katika kifungo alichagua kujibu kwa njia ya akili peke yake, akionyesha akili iliyonyoka yaweza kumfikisha mtu wapi. Msomaji Mkristo ataona kuna neno linalobaki bila kusemwa. Lakini haimpasi kuyadharau yaliyosemwa.

7. Kifo chake na mambo yaliyofuata

Boethius aliuawa karibu na mwaka 524. Mwandishi mmoja wa zamani zile asema alikazwa kamba kichwani muda mrefu, kisha akapigwa kwa rungu mpaka kufa. Symmachus naye, kwa kuogopwa asije akamlilia mkwewe, alipelekwa Ravenna akauawa. Papa Yohane wa Kwanza, aliyetumwa na mfalme kwa kaisari kuwaombea wafuasi wa Ario, aliporudi alifungwa, akafa kifungoni mwaka 526. Mwaka huo huo, siku ya 30 Agosti, Theodoric mwenyewe alikufa. Procopius, mwandishi wa habari za vita, asimulia kwamba mfalme alipoletewa kichwa cha samaki mezani alidhani ni kichwa cha Symmachus kinachomtazama, akashikwa na baridi, akalia kwa ajili ya dhuluma aliyowatenda wawili wale. Kama habari hii ni kweli au ni masimulizi ya watu, yaonyesha jinsi kifo chao kilivyobaki katika mioyo.

Amalasuntha, binti wa Theodoric, aliwarudishia wana wa Boethius na wa Symmachus mali yao. Lakini kazi ya amani ya miaka thelathini haikurudi. Vita vya kaisari na Wagothi vilianza mwaka 535, vikaiharibu Italia. Wagothi walipouteka Roma mwaka 546, Rusticiana, mjane wa Boethius, alikuwa ametoa mali yake yote kuwasaidia wenye njaa, naye alionekana amevaa nguo za kitumwa, akibisha hodi mlango kwa mlango kuomba mkate kwa adui zake. Wagothi walitaka kumwua, wakisema amewahonga majemadari wa Warumi wazivunje sanamu za Theodoric kwa kisasi cha mumewe na baba yake. Mfalme wao Totila akawakataza wasimguse.

Mifupa ya Boethius yalazwa katika mji wa Pavia, chini ya kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro, ambamo limo pia kaburi la Augustino. Kitabu chake kikaenda mbali kuliko yeye. Kimefasiriwa kwa Kiingereza cha kale, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya mfalme Alfred, aliyepigana na Wadeni katika karne ya 9. Notker, mtawa wa St. Gallen aliyekufa mwaka 1022, akakifasiri kwa Kijerumani ili wanafunzi wake waelewe. Jean de Meun kwa Kifaransa. Chaucer kwa Kiingereza. Na mwaka 1593 Elizabeth, malkia wa Uingereza, alikifasiri kwa mkono wake. Dante alimweka katika mbingu ya jua pamoja na walimu wakuu wa kanisa. Wataalamu wa siku zetu hawajamwacha: mwaka 1981 Henry Chadwick alitoa kitabu kikubwa juu ya maisha na kazi zake, na mwaka 1989 Calvin Bower alitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha muziki.

Tukiyafikiri maisha haya, twaona mambo mawili yaliyofungamana. Boethius alitambua kwamba elimu yaweza kufa katika kizazi kimoja, ikiwa hakuna mtu atakayekubali kazi ya kuchosha ya kufasiri, kunakili na kueleza. Akaifanya, na ingawa haikutimia hata nusu, nusu ile ililisha nchi nyingi. Tena alitambua kwamba elimu haimpi mtu ruhusa ya kunyamaza. Aliyejua hesabu za nyuzi na za fedha alijua pia hesabu ya haki, kwamba mtu mmoja akidhulumiwa mbele ya baraza, baraza zima limedhulumiwa. Wazee wale walidhani wamejiokoa kwa kimya chao, na leo majina yao hayajulikani isipokuwa kwa wachache. Lakini vitabu vya aliyesema vimesomwa mpaka sasa.